Mpenzi ni nani mbele ya sheria ya bunduki Marekani?

Mume amekasirika. Anakamata sahani na kuibamiza ukutani, karibu kabisa na aliposimama mkewe. Sahani inapasuka, kigae kinaruka na kumchana mke. Hakumlenga yeye. Lakini alijua vigae vitaruka na huenda vikampata, na bado akarusha. Je, kisheria mtu huyu “ametumia nguvu” dhidi ya mke wake?

Mfano huo uliandikwa na Jaji Elena Kagan wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2016, katika kesi ya Voisine iliyotoka jimbo la Maine. Jibu lake, pamoja na majaji wenzake watano, lilikuwa ndiyo. Wawili walikataa. Jibu lina uzito, maana ndilo linaloamua kama mtu aliyetiwa hatiani kwa kumuumiza mwenzi wake anaruhusiwa kumiliki bunduki. Sina ugomvi na jibu lenyewe. Linalonisumbua ni kwamba sheria ilipitishwa mwaka 1996, na miaka 20 baadaye mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuwa bado inaulizana neno “kutumia” lina maana gani.

Utata wa aina hii haubaki kwenye vitabu vya mawakili. Unashuka hadi kwenye meza ya mtumishi wa FBI anayehakiki rekodi, unafika kwa muuza bunduki, na mwisho wake unamkuta mwanamke aliyedhani kwamba hukumu ya mahakama imemaliza kazi. Ndiyo maana nashikilia kwamba maswali mawili makubwa ya sheria hii, yaani alichokifanya mshtakiwa ni nini na mwathirika ni nani kwake, yajibiwe na kuandikwa siku ileile ya hukumu, wakati wahusika wote wako mbele ya hakimu. Leo hii mara nyingi hujibiwa miaka mingi baadaye, na watu ambao hawakuwepo.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 iliwanyima silaha waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa. Tatizo ni kwamba kipigo cha nyumbani mara nyingi hakikufika huko. Polisi wanaandika shambulio la kawaida, mwendesha mashtaka anaelewana na wakili wa utetezi, mshtakiwa anakiri kosa dogo, anapewa kifungo cha nje, anarudi nyumbani. Bunduki iko palepale kabatini. Seneta Frank Lautenberg wa New Jersey ndiye aliyesimamia kipengele cha mwaka 1996 cha kuziba pengo hilo: yeyote aliyetiwa hatiani kwa “kosa dogo la ukatili wa majumbani” asimiliki bunduki wala risasi. Hata polisi na wanajeshi hawakuachwa.

Waliopigania kipengele hicho walikuwa na sababu. Utafiti ulioongozwa na Jacquelyn Campbell na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la American Journal of Public Health ulionyesha kwamba mwanaume mnyanyasaji anapoweza kuifikia bunduki, hatari ya mwanamke kuuawa hupanda takriban mara tano. Jaji Ruth Bader Ginsburg naye aliandika mwaka 2009 kwamba silaha na ugomvi wa nyumbani ni mchanganyiko unaoweza kuua.

Lakini Kongresi, yaani bunge la Marekani, ilipokuja kueleza kosa lenyewe ni lipi, iliandika sentensi moja iliyobebeshwa mizigo mingi. Kosa liwe na matumizi ya nguvu za mwili, au jaribio la kuzitumia, au kutishia kwa silaha inayoweza kuua. Tena liwe limetendwa na mume au mke, wa sasa au wa zamani, au mzazi au mlezi, au mtu aliyezaa na mwathirika, au anayeishi au aliyewahi kuishi naye kama mwenzi, au mtu mwenye nafasi inayofanana na ya mwenzi wa ndoa. Karibu kila kipande cha sentensi hiyo kimezaa kesi.

Chukua kesi ya Hayes, iliyoamuliwa mwaka 2009. Mtu wa West Virginia alitiwa hatiani mwaka 1994 kwa shambulio, na aliyeshambuliwa alikuwa mke wake wakati huo. Mwaka 2004 polisi waliitwa nyumbani kwake kwa taarifa ya ukatili, wakakuta bunduki. Utetezi wake haukuwa kwamba hakumpiga mke. Ulikuwa kwamba sheria ya jimbo iliyomtia hatiani ilihusu shambulio dhidi ya mtu yeyote, haikutaja ndoa popote, kwa hiyo hilo halikuwa kosa la “ukatili wa majumbani”. Majaji saba kwa wawili walimkatalia. Walisema uhusiano si lazima uwe sehemu ya kosa la awali. Inatosha upande wa mashtaka uuthibitishe baadaye, pasipo kuacha shaka, katika kesi ya bunduki. Jaji Mkuu John Roberts alipinga. Kwake, sheria yenye utata kiasi hicho ilipaswa kusomwa kwa kumnufaisha mshtakiwa.

Naona wale saba walikuwa sahihi. Majimbo mengi hayakuwa na kosa maalumu la ukatili wa majumbani mwaka 1996, na tafsiri ya Roberts ingeifanya sheria iwe pambo tu katika majimbo hayo. Ila uamuzi huo ulikuwa na matokeo ambayo hayazungumzwi vya kutosha, nami nitayarudia hapo chini, kwa sababu kwa maoni yangu ndiko lilikolala tatizo kubwa kuliko yote.

Baada ya uhusiano, ikafuata zamu ya “nguvu”. Mwaka 2010, katika kesi nyingine kabisa iliyohusu sheria ya wahalifu sugu, Mahakama ya Juu ilisema “nguvu za mwili” maana yake ni nguvu kali, zenye uwezo wa kuumiza. Kumgusa mtu bila ridhaa yake hakutoshi. Mawakili wa watu waliopokonywa bunduki kwa ukatili wa majumbani hawakulaza damu. Kama maneno ni yaleyale, walisema, basi na maana iwe ileile.

Hivyo ndivyo kesi ya Castleman ilivyopanda hadi Washington. Mshtakiwa alikiri huko Tennessee mwaka 2001 kwamba alimsababishia jeraha la mwili, kwa makusudi au akijua, mama wa mtoto wake. Ungedhani hapo pana nguvu. Jaji wa mahakama ya chini alisema hapana lazima: mtu anaweza kumsababishia mwenzake jeraha bila kumgusa kwa ukali, kwa mfano kwa kumlaghai anywe kinywaji chenye sumu. Soma tena hapo. Mwanamke amejeruhiwa, mwanaume amekiri, na bado mahakama inajadili sumu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja katika ugomvi wa watu hawa wawili. Wanasheria wana sababu ya kufikiri hivyo, kwani mfumo wao unawataka waipime sheria iliyomtia mtu hatiani badala ya kile alichokifanya hasa, na ikiwa kuna njia hata moja ya kulitenda kosa hilo bila nguvu, hukumu nzima inaponyoka. Sababu hiyo ninaielewa. Bado naona ni aibu kwamba usalama wa mtu unaweza kuning’inia kwenye mfano wa kufikirika.

Mwaka 2014 Jaji Sonia Sotomayor aliandika jibu la mahakama, na kwangu ni miongoni mwa maandishi bora kuhusu ukatili huu yaliyowahi kutoka katika mahakama ile. Alieleza kwamba ukatili wa majumbani si fungu la ukatili wa kawaida tu. Sehemu kubwa ni kusukuma, kukwida, kuvuta nywele, kofi. Kumbinya mtu mkono hadi ukavilia damu ni vigumu kukuita ukatili pale kunapotokea mara moja kati ya watu wasiojuana. Kati ya wapenzi, vitendo hivyo vikirundikana siku baada ya siku, ndivyo vinavyomweka mmoja chini ya himaya ya mwingine. Kwa hiyo, kwa sheria hii, “nguvu” inajumuisha hata mguso wa kuudhi usio na ridhaa. Mahakama ilikumbusha pia kwamba tafsiri kali ingeifanya sheria ishindwe kufanya kazi katika majimbo yasiyopungua 10.

Kwa hiyo maneno yaleyale yana maana moja kwa mhalifu sugu na nyingine kwa mnyanyasaji wa mwenzi. Kisha Voisine ikaongeza kwamba hata asiyekusudia, bali aliyejua hatari na kutoijali, ametumia nguvu. Miaka mitano baadaye, mwaka 2021, mahakama hiyohiyo ikasema katika kesi ya Borden kwamba kutojali hakutoshi kwa sheria ya wahalifu sugu. Mwananchi wa kawaida aliyekiri kosa dogo kwa ushauri wa wakili aliyekutana naye asubuhi ile atayajuaje haya? Na mwathirika atajuaje kama bunduki ya aliyempiga imekuwa haramu?

Sasa nirudi kwenye yale matokeo ya Hayes. Kama kosa la awali halihitaji kutaja uhusiano, basi karatasi ya hukumu nayo haina sababu ya kuutaja. Inaandikwa “shambulio, kosa dogo”, tarehe, adhabu, basi. Miaka inapita. Mtu yule anaingia dukani kununua bastola. Anajaza fomu, muuzaji anawasiliana na FBI, na mtumishi wa FBI anaona neno “shambulio” kwenye skrini. Alishambuliwa nani? Jirani? Mlevi mwenzake baa? Mkewe? Rekodi haisemi. Itabidi aombe faili la polisi kutoka wilaya fulani, na huenda faili hilo liko kwenye boksi ambalo halijaingizwa kwenye kompyuta. Wakati huo saa inakimbia, maana sheria inampa muuzaji ruhusa ya kuuza ikiwa siku tatu za kazi zimepita bila jibu.

Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ililichunguza jambo hili mwaka 2016. Ilikuta kwamba kukamilisha asilimia 90 ya maombi yaliyokataliwa kwa sababu ya makosa madogo ya ukatili wa majumbani kulichukua hadi siku 7 za kazi, muda mrefu kuliko kundi lolote jingine la watu waliokatazwa silaha. Siku 7, na dirisha ni siku 3. Katika miaka kumi ya fedha, 2006 hadi 2015, bunduki zipatazo 6,700 ziliingia mikononi mwa watu wenye rekodi za ukatili wa majumbani zilizowakataza kuwa nazo, ikabidi maofisa watumwe kuzifuata. Hebu fikiria kazi ya ofisa anayebisha hodi kwa mtu mwenye historia ya kupiga, kumdai bunduki aliyoinunua dukani kwa risiti.

Wapo watakaosema hilo ni suala la utendaji tu, si la tafsiri. Sikubali. Utendaji unafuata tafsiri. Kilichoachwa wazi kwenye sheria kinabaki wazi kwenye fomu, na kilicho wazi kwenye fomu hakiingii kwenye kompyuta. Ni kweli pia kwamba hata pale ambapo hakuna utata wowote, uzembe unaweza kuua: aliyewapiga risasi waumini kanisani Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, alikuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wake wa kambo, na Jeshi la Anga halikupeleka taarifa hiyo FBI. Alinunua silaha zake dukani. Watu 26 walihesabiwa kuwa wamekufa, akiwemo mtoto aliyekuwa bado tumboni. Hapo hakukuwa na swali la tafsiri. Basi jiulize hali ikoje pale ambapo swali lipo na hakuna aliyepewa jukumu la kulijibu.

Kundi ambalo sheria ya 1996 haikulitaja kabisa ni wapenzi wasiooana, wasioishi pamoja na wasio na mtoto. Mwanaume aliyempiga mchumba wake angeweza kubaki na bunduki yake, na aliyempiga mkewe vilevile angepokonywa. Huo ndio mwanya uliopigiwa kelele kwa miaka mingi, na Juni 2022, wiki chache baada ya mauaji ya watoto 19 na walimu wawili shuleni Uvalde, Kongresi ilipitisha sheria iliyougusa. Naipongeza kwa hilo. Halafu naisoma na moyo unaingia baridi.

Sheria hiyo inasema uhusiano wa kimapenzi ni ule wa watu walio na, au waliokuwa “hivi karibuni” na, uhusiano “endelevu” na “wa dhati” wa kimapenzi au wa faragha. Mahakama itazame urefu wa uhusiano, asili yake, na mara ngapi na kwa namna gani wahusika walikuwa wakikutana. Kufahamiana tu kikazi au kijamii hakuhesabiki. Sasa watu waliotoka pamoja kwa miezi miwili, je? Walioachana mwaka mmoja na nusu uliopita, akamvizia na kumpiga, hiyo ni “hivi karibuni”? Wanaozungumza kila usiku kwa simu na kuonana mara moja kwa mwezi? Sheria haisemi. Na hatari haiishi siku ya kuachana. Mara nyingi ndipo inapoanza.

Si kwamba natamani Kongresi ingeweka idadi ya siku. Mapenzi ya watu hayapimwi kwa kalenda, na vigezo vinavyofanana na hivi vimekuwemo tangu zamani katika sheria ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Lakini ile sheria nyingine kwa sehemu kubwa hugawa fedha za misaada. Hii inampeleka mtu gerezani hadi miaka 15. Hapo ndipo utata unapogeuka na kumuumiza hata mshtakiwa, na msomaji anayetetea haki ya kumiliki silaha ana haki ya kulalamika. Wanaoiona sheria hii kuwa mtego hawajasema uongo wote.

Tena kuna jambo linalozidisha uzito. Mwaka 2019, katika kesi ya Rehaif, Mahakama ya Juu iliamua kwamba haitoshi kuthibitisha mtu alikuwa na bunduki. Lazima ithibitishwe alijua yumo katika kundi lililokatazwa. Weka hilo kando ya neno “endelevu”. Wakili atasimama na kusema mteja wake aliuona uhusiano ule kuwa wa kupita tu. Nani atambishia, ikiwa siku ya hukumu hakuna aliyeuliza? Utata uleule unamtisha asiye na hatia na kumpa mwenye hatia mlango wa nyuma.

Ndiyo maana napendekeza hakimu aulize siku ileile. Mshtakiwa anapokiri au kutiwa hatiani kwa shambulio, mahakama isikilize pande zote kuhusu uhusiano wake na mwathirika, itoe uamuzi, iuandike kwenye hukumu, na imwambie mshtakiwa kwa mdomo kwamba kuanzia sasa haruhusiwi bunduki na anapaswa kuisalimisha wapi. Sheria ya shirikisho haina utaratibu wa kusalimisha. Imeyaachia majimbo, na kila jimbo linajua lenyewe. Mwathirika angetoka mahakamani akijua. Mshtakiwa naye angejua, na asingekuwa na pa kujificha mbele ya Rehaif. Mtumishi wa FBI angeona jibu kwenye skrini badala ya swali. Na mshtakiwa anayeona uhusiano umeelezwa vibaya angepata nafasi ya kupinga pale pale, akiwa na wakili, kabla haki yake haijachukuliwa.

Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ilikubali kwa majaji wanane dhidi ya mmoja kwamba mtu aliyethibitishwa na mahakama kuwa tishio la kweli kwa usalama wa mwenzake anaweza kunyang’anywa silaha kwa muda. Serikali ilikuwa imejaribu hoja pana zaidi, kwamba silaha ni kwa raia “wanaowajibika”. Roberts aliikataa: neno hilo halieleweki mipaka yake, alisema. Alikuwa sahihi, na natamani Kongresi ingeisoma aya ile kwa makini, kwa sababu kilichoiokoa sheria siku ile ni kwamba hakimu alikuwa ameshaandika uamuzi ulio wazi kuhusu mtu mahsusi.

Kesi ya Rahimi ilihusu kifungu kingine, cha mwaka 1994, kinachowakataza silaha walio chini ya amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi. Mwanamke aliyeomba amri hiyo Texas alikuwa amezaa na Rahimi, na hilo peke yake lilitosha kumwingiza kwenye tafsiri ya sheria. Chukulia wasingezaa wala kuishi pamoja. Vurugu zingekuwa zilezile: kumburuta hadi garini, kichwa chake kikagonga dashibodi, risasi ikafyatuliwa mbele ya shahidi. Hakimu angeweza kutoa amri ileile kwa maneno yaleyale. Na sheria ya shirikisho isingemkataza mtu yule bunduki hata moja, kwa sababu mwaka 2022 Kongresi iliwaongeza wapenzi kwenye kifungu cha waliotiwa hatiani na kuwaacha nje ya kifungu cha amri za ulinzi. Mpaka leo wako nje, na kuwaingiza kunahitaji kurekebisha tafsiri moja.